Siku 59

Wazee walisema ukitaka kumjua mtu, safiri naye. Mimi naongeza: safiri naye kwenye Corolla ya kuazima, kwenye kisiwa cha baridi, yeye ndiye ameshika ramani na wewe ndiye unayejifanya unaijua njia. Mtajuana mpaka basi.

Jamani, salaam. Najua nimepotea kibarazani kwa muda mrefu. Nilikuwa Australia kumtembelea mke wangu anayesomea afya ya jamii kule Melbourne. Alipopata likizo ya siku kumi mwishoni mwa mwezi wa nne tukaamua kwenda Tasmania, kile kisiwa kinachoning'inia chini ya Australia kama tone la maji linalotaka kudondoka. Shabaha yetu ilikuwa rahisi: kuona wanyama ambao Mungu hakutupa sisi, na kupanda milima kwa miguu. Niliahidi kuwaletea picha. Picha zipo, lakini nimerudi pia na historia, na historia hiyo imenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Ngoja niiteme hapa.

Tulivuka na meli ya usiku kutoka Geelong, tukashuka Devonport alfajiri meno yakigongana. Kabla hatujatoka bandarini, maofisa wakatuuliza kama tumebeba matunda. Mke wangu alikuwa na matufaha manne kwenye mkoba. Yote yakaishia kwenye pipa. Hawataki wadudu wa matunda waingie kisiwani kwao, na hawana utani na jambo hilo. Mke wangu alinuna mpaka tulipopata chai. Mimi nikawaza: kumbe kuna serikali inayolinda mpaka wake hata dhidi ya tufaha! Kumbukeni pipa lile, nitalirudia.

Habari njema kwa dereva wa Kitanzania ni kwamba kule wanaendesha kushoto kama sisi. Chini ya saa moja tukawa Sheffield, mji mdogo ambao kuta za maduka yake zimechorwa picha kubwa kubwa za historia yao. Nyuma ya mji unasimama mlima Roland, mpana, wa kijivu, kama ukuta. Mke wangu akasoma kwenye kitabu cha wageni kisha akaniambia, "Mwandishi, huu mlima ndio watu walikuja kufanya fungate." Nikacheka. Fungate mlimani? Kwenye baridi hii?

Naam, fungate. Mwaka 1906 bwana mmoja mzaliwa wa Austria, Gustav Weindorfer, alimwoa Kate Cowle, mwanamke mzaliwa wa Tasmania aliyemzidi mumewe umri kwa zaidi ya miaka kumi. Walikutana Melbourne kwenye chama cha watu wanaopenda mimea na wanyama. Wengine wakioana wanakwenda ufukweni. Hawa walipiga hema juu ya Roland kwa majuma matano, wakikusanya na kuorodhesha mimea. Kutoka kule juu, hewa ikiwa safi, unauona kwa mbali mlima mwingine wenye vilele vilivyobonyea katikati kama susu ya mtoto mchanga. Huo ni Cradle Mountain, mita 1,545 kutoka usawa wa bahari.

Wakanunua shamba karibu na Devonport, lakini macho yalibaki kule. Mwezi wa kwanza mwaka 1910, Gustav, Kate na rafiki yao Ronald Smith walipanda mpaka kileleni. Hapakuwa na barabara. Inaelezwa kuwa Kate ndiye mwanamke wa kwanza kufika juu, na kwamba pale pale kileleni Gustav alitamka kuwa eneo lote lile lazima liwe hifadhi ya taifa, la watu wote na la nyakati zote. Kwenye vitabu vingi utasoma Gustav alisema hivi, Gustav alifanya vile. Mke wangu alinisimamisha katikati ya simulizi yangu: "Na Kate je? Au yeye alikwenda kupika?" Nikanywea. Kate alikuwa mjuzi wa mimea kama mumewe. Basi kwenye kibaraza hiki tunaandika wawili: Kate na Gustav.

Tulifika bonde la Cradle mchana. Gari unaliacha kwenye kituo cha wageni, unapanda basi la hifadhi kuingia ndani. Tukashuka pahali panapoitwa Ronny Creek, na hapo ndipo tulipomwona wombati wa kwanza. Mchukue nguruwe mdogo, mfupishe miguu, mvike koti la manyoya mazito, umpe sura ya mzee asiyetaka kusumbuliwa. Alikuwa anakula majani hatua kumi kutoka tulipo na hakutupa hata jicho. Sisi tunaotoka nchi ya tembo na simba tulisimama pale kama watoto waliopelekwa sabasaba. Wombati ana kituko kimoja: kinyesi chake kina pande bapa kama dadu. Watafiti waliochunguza utumbo wake walieleza kuwa ukuta wake hauvutiki sawasawa, sehemu nyingine laini nyingine ngumu, ndiyo maana mzigo unatoka na kona. Mke wangu alipiga picha sita za kinyesi. Ndiyo, niliziona zote.

Kesho yake tulizunguka ziwa Dove, kilometa sita hivi kwa miguu, mlima Cradle ukiwa mbele yetu na kivuli chake ndani ya maji. Tulibahatika na majira. Kuna mti mdogo unaoitwa fagasi, unaoota Tasmania tu, ambao ni kati ya miti michache sana ya asili ya Australia inayopukutisha majani kwa ajili ya baridi. Mwisho wa mwezi wa nne majani yake yanageuka manjano kisha mekundu, mlima mzima unaonekana umeshika moto usio na moshi. Tulikaa kwenye jiwe tukala mkate na mayai ya kuchemsha, bila matufaha, tukanyamaza. Ni nadra sisi wawili kunyamaza.

Jioni tukaenda kuiona Waldheim, maana yake kwa Kijerumani ni makao ya msituni. Ndiyo nyumba ambayo Gustav alianza kuijenga mwaka 1912 kwa mbao za palepale, akafungua milango kwa wageni Krismasi ya mwaka huohuo. Nyumba ya awali ilibomolewa miaka ya sabini na kujengwa upya kwa mfano uleule, lakini ukisimama ndani bado unanusa mbao na moshi. Hapo unasoma maisha yao. Kate aliugua muda mrefu akafariki mwaka 1916. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imepamba moto, na Gustav, kwa kuwa alizaliwa Austria, alishukiwa kuwa jasusi wa adui, mpaka akafukuzwa kwenye klabu ya mji wa jirani. Akahamia bondeni peke yake. Baada ya vita akazunguka na wenzake kwenye miji wakionyesha picha za mlima kwa taa, wakihubiri hifadhi. Mwaka 1922 serikali ikakubali: ekari 158,000, kutoka Cradle mpaka ziwa St Clair, zikatengwa. Alikufa mwaka 1932, wakamkuta ameanguka kando ya pikipiki yake. Kaburi lake liko pale mbele ya nyumba.

Nilikuwa nimeshapata makala yangu. Mapenzi, mlima, hifadhi, kaburi. Msomaji atoe nini tena zaidi ya machozi?

Lakini mwandishi wa habari akizoea vibaya hawezi kuacha kuuliza. Swali la kwanza lilitoka kwa mke wangu aliposoma kwamba Gustav alikuwa akitega wanyama bondeni ili auze ngozi, na kwamba wageni wake aliwalisha mchuzi wa wombati. "Kwa hiyo mhifadhi alikuwa anakula hifadhi?" Ndiyo hivyo. Nilijaribu kumtetea: enzi zile ngozi zilikuwa riziki ya watu wengi milimani, na hata Bert Nichols aliyechonga ile njia maarufu ya kutembea kutoka Cradle mpaka St Clair, kilometa 65, alikuwa mwindaji wa mitego. Watu walioijua ile milima kuliko wote ndio haohao waliokuwa wakiitega. Haikuniondolea ladha mbaya mdomoni, lakini angalau nikaelewa kwamba watakatifu nao hula.

Swali la pili lilikuwa langu, na lilianza na mbao. Nikauliza mti huu unaitwaje. Unaitwa msonobari wa King Billy. King Billy ni nani? Inaaminika kuwa ni William Lanne.

Hapa naomba mkae vizuri.

Wenyeji wa Tasmania, ambao leo wanajiita Wapalawa, wameishi kisiwani kwa miaka kama 40,000. Waingereza walifika kukaa mwaka 1803 wakileta wafungwa, kisha kondoo. Kondoo wanataka majani, na majani yalikuwa kwenye nchi ya uwindaji ya wenyeji. Kuanzia katikati ya miaka ya 1820 ikawa vita. Mwaka 1830 gavana alipanga mstari wa watu wapatao 2,200, askari na raia na wafungwa, watembee kisiwani kwa majuma saba wakiwafagilia wenyeji pembeni kama unavyofukuza kuku shambani. Mstari wenyewe ulikamata watu wawili na kuua wawili. Lakini vita na maradhi vilikuwa vimeshafanya kazi yake. Waliobaki walishawishiwa kuhamia kisiwa cha Flinders kwa ahadi ambazo hazikutimizwa. Wakafa huko mmoja mmoja. Mwaka 1847 waliorudishwa Tasmania walikuwa 47 tu.

William Lanne alikuwa miongoni mwao, mtoto wakati huo. Alipokua akawa baharia wa meli za kuwinda nyangumi. Wazungu wakampachika jina la King Billy, ule "ufalme" wa dhihaka. Mwezi wa tatu mwaka 1869 aliugua akafa Hobart. Wanasayansi wa wakati ule walimwona kuwa mwanamume wa mwisho wa kabila lake, na mifupa yake ikawa bidhaa. Mganga mpasuaji aliyeitwa William Crowther aliingia usiku chumba cha maiti, akatoa fuvu la Lanne na kuweka la mtu mwingine mahali pake, akikusudia kulipeleka London. Wenzake walioshindana naye walipogundua wakakata mikono na miguu ya marehemu ili naye asipate kiunzi kizima. Akazikwa hivyo. Usiku uleule kaburi likafukuliwa.

Crowther alisimamishwa kazi ya hospitali. Adhabu ikaishia hapo. Miaka tisa baadaye akawa waziri mkuu wa koloni, na mwaka 1889 akasimamishiwa sanamu katikati ya Hobart.

Mtanzania akisoma hayo hahitaji mkalimani. Mtwa Mkwawa alijiua mwaka 1898 asikamatwe na Wajerumani, kichwa chake kikakatwa. Fuvu lake likaandikwa hadi kwenye mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 na halikurudi Kalenga mpaka 1954. Pale Waldheim, nikiwa nimeegemea ukuta mzuri wa mbao za King Billy, nilijikuta nakumbuka safari ya shule ya kwenda Kalenga na lile fuvu ndani ya kioo. Nyumba ya mapenzi imejengwa kwa mti uliobeba jina la mtu aliyekatwakatwa. Kate na Gustav hawakumkata Lanne. Alikuwa amekufa kabla Gustav hajazaliwa. Lakini lile bonde walilolikuta "tupu" halikuwa tupu tangu kuumbwa kwa dunia. Lilikuwa limeondolewa wenyewe. Hifadhi ya watu wote ilitangazwa baada ya watu wake wa kwanza kupunguzwa mpaka wakahesabika kwa vidole.

Wala tusijione wasafi. Serengeti yetu ilipowekewa mipaka mipya mwaka 1959, Wamasai waliokuwa wakiishi ndani walihamishiwa Ngorongoro. Mgeni anayepiga picha ya nyika "isiyoguswa" hajui kuwa iliguswa, ikaishiwa, ikahamwa.

Siku ya nne tukaelekea kusini-magharibi. Barabara inapita misitu yenye ukungu mpaka Queenstown, mji wa shaba, ambako vilima vimebaki vipara kwa sababu miti ilikatwa kulisha matanuri na moshi wa madini ukaua iliyobaki. Tukachelewa kuondoka pale kwa kosa langu. Nilitaka picha ya vilima wakati wa machweo. Mke wangu aliniambia mara mbili, "Mume wangu, giza linaingia." Nikasema dakika tano. Wanahabari mnazijua dakika tano zetu.

Barabara za Tasmania usiku zina sifa mbaya. Wanyama wengi wa kule hutoka kula jua likizama, na asubuhi utakuta mizoga kila kilometa chache. Kuna vibao vya njano vinavyokushauri upunguze mwendo mpaka kilometa 65 kwa saa kuanzia magharibi hadi alfajiri. Nilikuwa kwenye themanini na kitu. Nilikuwa nawahi chumba tulichoweka mbele ya safari.

Sikumwona. Nilisikia kishindo tu.

Tulisimama. Alikuwa pademeloni, mdogo wa ukoo wa kangaruu, mnene kama sungura mkubwa, amelala pembeni ya lami. Amekufa. Nilitaka kurudi garini, kusema kweli. Nilikuwa natetemeka na nilitaka tuondoke. Mke wangu akawasha tochi ya simu, akachuchumaa, akasema, "Ni jike. Wanasema uangalie mfuko." Akaingiza mkono kwenye mfuko wa tumboni. Ulikuwa na moto. Ndani kulikuwa na mtoto, ana manyoya tayari, macho wazi, anatingishika.

Akamtoa taratibu, akamfunga kwenye kanga ambayo mama yake alimpa siku tulipooana, akamweka kifuani ndani ya koti. Hatukusema neno. Kwenye kituo cha mafuta tukapewa namba ya watu wanaojitolea kulea watoto wa wanyama walioachwa barabarani, na mmoja akatuelekeza nyumbani kwake. Mama mmoja mtu mzima, mwenye viatu vya mpira, alitupokea mlangoni karibu saa nne usiku kana kwamba anapokea wageni wa kawaida. Sebuleni kulikuwa na mifuko ya kitambaa imening'inizwa karibu na hita, kila mmoja na mkazi wake. Akampima mtoto wetu, akasema mngempita angekufa kwa baridi kabla ya asubuhi. Halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea: pademeloni alikuwa chakula cha simbamarara wa Tasmania. "Siku hizi chui wake ni gari."

Nililala vibaya. Nyumbani nimepita Mikumi mara ngapi? Barabara kuu imekatiza katikati ya hifadhi, kuna matuta, kuna kibao chenye faini ya kila mnyama, twiga bei yake, nyati bei yake. Nilikuwa nakicheka kile kibao. Sikicheki tena.

Tukafika Hobart siku ya sita, na nikaenda moja kwa moja kumtafuta huyo simbamarara. Jina ni la kupotosha, maana hakuwa na udugu na paka. Alikuwa mnyama wa mfuko kama kangaruu, mwenye umbo la mbwa na milia mgongoni. Wenye kondoo walimlaumu kwa kila kondoo aliyepotea, pamoja na wale walioliwa na mbwa, walioibwa na binadamu na waliokufa kwa uchungaji mbovu. Kampuni moja kubwa ya ufugaji ilianza kulipa fedha kwa kila kichwa tangu 1830. Mwaka 1886 hoja ikaletwa bungeni kwamba serikali nayo ilipe. Ilipita kwa kura 12 dhidi ya 11. Kura moja! Kuanzia 1888 mpaka 1909 serikali ikalipa pauni moja kwa mkubwa na shilingi kumi kwa mtoto. Malipo 2,184 yaliandikwa. Malipo ya mwisho yalitoka mwaka mmoja kabla Kate na Gustav hawajasimama kileleni.

Mbwa, maradhi na kufyekwa kwa misitu vikamalizia. Watu wenye elimu walianza kupiga kelele kuwa mnyama huyu anakwisha. Kamati zikakaa. Barua zikaandikwa. Tarehe 10 Julai 1936, serikali ya Tasmania ikatangaza rasmi kwamba simbamarara ni mnyama anayelindwa na sheria.

Tarehe 7 Septemba 1936, wa mwisho anayejulikana akafa kwenye bustani ya wanyama ya Hobart. Inasemekana alifungiwa nje ya banda lake usiku wa baridi.

Hesabuni wenyewe. Siku 59. Sheria ilimlinda kwa siku 59, naye alizitumia zote ndani ya uzio wa waya.

Bustani yenyewe ilifungwa mwaka 1937. Na mwaka huohuo wa 1937, sikilizeni kituko, ndipo misafara ilipoanza kutumwa porini kumtafuta. Mabaki yake hayakujulikana yalipo kwa miongo mingi, mpaka mwaka 2022 watafiti walipotangaza kwamba yalikuwa kwenye kabati la jumba la makumbusho la Hobart muda wote. Nilisimama mbele ya picha zile za sinema fupi, hazina sauti, za mwaka 1933, mnyama anazunguka kwenye kibanda chake, anapiga miayo. Jumba hilohilo ndilo lililoweka hadharani mifupa ya Truganini, mwanamke wa Kipalawa aliyefariki mwaka 1876, ambaye alijua yaliyompata Lanne na akaomba asifanyiwe vile. Walimfukua miaka miwili baadaye. Mifupa yake ilionyeshwa watu kuanzia 1904 mpaka 1947. Majivu yake yalimwagwa baharini, karibu na alikozaliwa, mwaka 1976, takriban miaka mia moja baada ya kifo. Jumba liliomba radhi mwaka 2021.

Aliitwa wa mwisho, na Lanne aliitwa wa mwisho. Si kweli. Wapo Wapalawa maelfu leo, wazao wa wanawake waliochukuliwa na wawindaji wa sili visiwani na wengineo. Kumwita mtu wa mwisho kuna faida yake: hakuna anayebaki wa kukudai ardhi.

Jioni ya mwisho tulipita bustani ya Franklin katikati ya mji. Sanamu ya Crowther haipo. Baraza la jiji lilipiga kura mwaka 2022 kwamba iondolewe, rufaa zikaanza, mwaka 2024 watu wasiojulikana wakaikata miguuni usiku, ikaanguka. Kimebaki kitako cha mawe. Mke wangu alikiangalia akasema, "Alikata miguu ya mtu, naye akakatwa miguu." Nikamkumbusha kuwa Crowther alichukua kichwa, miguu waliikata wenzake. Akanitazama. "Mwandishi, kuna wakati wa kusahihisha na kuna wakati wa kunyamaza." Tukanyamaza.

Nimelifikiria sana lile pipa la matufaha la Devonport. Leo kisiwa kile kiko macho kuliko nchi nyingi. Kinachunguza mkoba wako, kinakuomba upunguze mwendo, kina akina mama wanaoamka usiku kulisha yatima wa porini, kinahangaika kumwokoa yule mnyama wanayemwita shetani, ambaye tangu 1996 anaonekana na saratani ya uso inayoambukizwa kwa kung'atana. Simbezi yeyote. Wamejifunza. Lakini nimejumlisha tarehe zao zote na kila mara jibu ni lilelile: ujuzi ulikuwepo, watu waliosema walikuwepo, sahihi ndiyo iliyochelewa. Na hata wale walioipenda ile nchi mapema, Kate na Gustav wetu, waliona maua na vilele wakavipigania, ila hawakuuliza njia waliyopita ilichongwa na miguu ya nani.

Mimi nami niliambiwa mara mbili kuwa giza linaingia.

Ile kanga tuliiacha kule. Mama wa viatu vya mpira alisema mtoto ameshaizoea harufu, tukiiondoa atahangaika. Juzi mke wangu amenitumia ujumbe kutoka Melbourne: mtoto anakunywa maziwa vizuri, ameanza kutoka mfukoni na kurukaruka sebuleni, na itachukua miezi kabla ya kurudishwa porini. Chini ameongeza mstari mmoja wa kuniuliza kama siku hizi nikipita Mikumi napunguza mwendo.

Nimemjibu ndiyo. Nanyi kaeni salama, tutaonana tena hapa kibarazani.